Gari la Kufika Nyantakara Wakati wa Masika

Mke wangu alikuwa na swali moja kwa kila kifaa nilicholeta nyumbani. Alifuta mikono kwenye kanga, akakitazama kilivyolala juu ya gunia, kisha akauliza, "Hiki nacho kitafika kwa mama?" Jibu langu likiwa refu, alijua hakitafika.

Kwa mama ni Nyantakara, wilaya ya Biharamulo, alikozaliwa. Sisi tuliishi Nyamiaga, juu kwenye vilima vya Ngara, ambako mimi nilizaliwa na yeye aliolewa. Kiangazi si safari ya kuogopa. Unapanda basi, unashuka, unachukua pikipiki, jioni unakula ugali wa huko. Lakini kabla ya kufika kwao kuna bonde la udongo mweusi, na masika maji hupita juu ya njia, udongo ukageuka uji unaokamata mguu wa ng'ombe. Baba yake alifariki masika. Tulikwenda siku ile ile tuliyopata habari, waendesha pikipiki wakatugeuza kwenye ukingo wa bonde, ikabidi tuzungukie mbali. Tulipofika, wanaume walikuwa wameshanawa mikono na majembe yameegemezwa ukutani. Hakulia pale. Alilia kwenye basi la kurudi, akiwa amegeukia dirisha, kisha akaniambia bila kunitazama, "Kwa mama sitachelewa."

Ndipo tukaanza kutafuta gari.

Niseme pia kwamba mimi ni mtu wa barabara. Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka na lori la kahawa nikiwa utingo, na tangu hapo nimekuwa dereva, fundi, na dereva tena: Kahama, Mwanza, Kigoma, Tabora. Popote nilipokuwa nilipakumbuka pengine. Nikiwa Kigoma nilitamani ukungu wa asubuhi wa Ngara, na nikiwa Ngara nilisikiliza malori ya kwenda Rwanda nikajua kwa mlio tu yapi yamebeba mzigo. Mke wangu alisema nina usingizi wa mbwa. "Mbwa hata akilala, miguu inakimbia." Kwa hiyo gari lilikuwa mpango wetu wote wawili, ila kila mmoja alikuwa na safari yake ndani yake. Mimi niliona barabara za Karagwe, misitu ya Burigi, na ile njia ya nyuma ya kuteremkia Ziwa Tanganyika. Yeye aliona bonde moja. Tulikubaliana safari ya kwanza iwe yake, na baada ya hapo watoto wetu, ambao wote wanasoma mbali, wangekuwa wamemaliza, nasi tungeweza kupotea tunavyotaka.

Nililikuta Mbuba, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyelinunua kwenye mnada wa shirika la misaada baada ya wakimbizi kurudi kwao. Landkruza ya zamani, ile ya dizeli ambayo watu huiita mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa linalopanda kando ya kioo kama mkonga wa tembo, ili injini ivute hewa bila kunywa maji. Hili la Mbuba mkonga wenyewe ulikuwa umevunjika. Rangi ilikuwa nyeupe, na mlangoni palikuwa na kivuli cha maandishi yaliyokwanguliwa. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha nyuma.

"Shikamoo mzee. Injini inawaka?"

"Marahaba. Ilikuwa inawaka."

"Mara ya mwisho lini?"

"Kijana, unanunua gari au unaoa? Mbona maswali mengi?"

Mke wangu aliinama, akachungulia chini kana kwamba anaangalia mbuzi wa kununua. Akanyanyuka akiwa na yai mkononi, akampa mzee. "Hili ni lako," akamwambia. "La kesho litakuwa letu." Mzee akacheka mpaka akakohoa, na bei ikashukia hapo.

Kulitengeneza kulichukua muda mrefu kuliko nilivyomwahidi. Wakati mwingine niliondoka kwenda kuendesha malori ya watu ili nipate vifaa, nikirudi nakuta amelifunika kwa turubai na kuweka mawe pembeni upepo usilifunue. Siri ya gari la safari ndefu ni kuondoa, si kuongeza. Niliondoa nyaya zote ambazo mtu alikuwa ameziongeza baadaye. Nikaondoa redio. Niliifungua injini yote, nikabadilisha ringi, nikapeleka pampu ya dizeli kwa fundi wa pampu, nikaweka nozeli mpya. Nikaongeza chujio la pili la kutega maji, maana dizeli ya kwenye madumu huko porini huwa na maji na kutu. Niliichomelea chasisi palipoliwa na kutu. Nilichagua springi za kawaida, za aina ambayo hata fundi wa mkokoteni anaweza kukufungia jani lililovunjika kwa waya ukafika. Kila kitu kiwe cha kugeuzwa kwa mkono, kisichohitaji kompyuta wala mtaalamu wa mjini.

Niliporudi na taa kubwa za juu ya paa, nne, zinazong'aa, aliziangalia akaniuliza swali lake.

"Zinasaidia usiku," nikasema. "Ukiwa porini unaona mbali, halafu pia—"

"Fundi, mama yangu anaishi Nyantakara. Hajahamia mwezini."

Nikaziuza.

Yeye mwenyewe aliongeza vitu viwili tu. Alishona vitambaa vya viti vya mbele kwa kitenge cha rangi ya chungwa, kwa mkono, akiwa amekaa kwenye kizingiti huku mimi nimelala chini ya gari, na miguu yangu peke yake ndiyo iliyozungumza naye. Na alitaka nichomelee pete ya chuma nyuma ya kiti chake, upana wa kukumbatia kibuyu. Mtoto wa kike harudi kwao mikono mitupu, na rubisi, pombe ya ndizi za Ngara, haifiki Biharamulo kama chombo kinarukaruka. Niliipima pete kwa kibuyu chenyewe. Nikaivalisha mpira wa tairi la baiskeli ili kisigongwe. Katika kazi zote nilizozifanya kwenye gari lile, hiyo ndiyo iliyomfanya aite majirani waje waone.

Kila Jumapili akitoka misa alimpigia mama yake. Walizungumza Kisubi chao, mimi nikasikia neno gari likipita katikati kama mgeni. Alikuwa akimsimulia tulipofikia: injini imerudi mahali pake, sasa ni breki, sasa ni matairi. "Masika haya," alimwambia. "Masika haya tunakuja na la kwetu. Utalisikia kabla hujaliona."

Mvua za kwanza zilipoanza, zilibaki klachi, springi za nyuma na ule mkonga. Klachi ilikuwa juu ya gunia uani. Mkonga niliupata wa mtumba, na ulikuwa umelala jikoni kwake kwa sababu hakutaka unyeshewe.

Mke wangu alianguka shambani, kwenye maharage, asubuhi ya kawaida kabisa. Presha, walisema hospitalini. Alikuwa hajawahi kulalamika kichwa zaidi ya siku moja. Kabla ya mchana kufika alikuwa ameondoka, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido nikiwa na mafuta ya gari kwenye vidole, nimeshika kanga yake.

Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, watoto wakarudi masomoni. Mvua ilikuwa haikatiki. Njia ya Nyantakara ilikuwa imekatika kabisa, kaka yake alituambia kwenye simu kwamba hata pikipiki hazithubutu bondeni. Yeye mwenyewe alifika maziko kwa sababu habari ilimkuta Biharamulo mjini, kisha akarudi kwao kwa miguu kwa kuzungukia mbali, mwendo ambao wazee wetu wasingeuweza. Mama yao hakuwa amejua.

Hapa ndipo palipofungwa fundo. Kwetu mzazi mzee hapelekewi kifo cha mwanawe kwa simu. Simu inasema "anaumwa", inasema "mwombeeni", lakini neno lenyewe linapelekwa na wakubwa wa nyumba iliyozika, kwa miguu yao, waketi mbele yake na walitamke. Kwa upande mwingine, nyumba yenye msiba haishiki jembe mpaka matanga yaondolewe. Siku hizi watu wamefupisha, na katekista hana neno, lakini baba yangu mdogo, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, alisema matanga hayawezi kuondolewa wakati mama mzazi wa marehemu hajui kama kuna matanga. Hilo hakuna aliyelipinga.

Asubuhi moja nilitoka nje nikaokota spana. Sikuwa nimekusudia chochote. Baba mdogo, aliyekuwa amekaa kibarazani, akasema, "Weka chini."

"Baba, nataka nimalize gari tumfikie mama."

"Jembe lako ni lipi wewe?"

Nikaitazama spana.

"Tangu umezaliwa sijakuona na jembe ukalishika likashikika. Jembe lako ni hilo. Weka chini."

Nikaliweka. Basi ikawa hivi: matanga hayaondoki mpaka mama aambiwe, mama haambiwi mpaka gari lipite bondeni, gari halipiti mpaka likazwe, na mwenye kulikaza hawezi kushika spana mpaka matanga yaondoke. Tulikaa tukiliangalia likinyeshewa.

Aliyelifungua fundo ni jirani yetu Msukuma, fundi wa pikipiki aliyehamia kijijini kwetu na ng'ombe wachache na mdomo mrefu. Alikuja na mwamvuli, akamsalimia baba mdogo kwa kuinama mpaka chini.

"Mzee, mimi si wa ukoo huu."

"Tunajua. Ungekuwa wa ukoo huu ungenyamaza mara moja moja."

"Basi jembe langu halijafungwa. Nipeni mikono, mtaalamu anipe maneno."

Baba mdogo alininyooshea kidole. "Asiguse," akasema. "Hata nati iliyodondoka asiiokote."

Kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda cha mke wangu, mikono juu ya magoti, nikalimalizia gari letu kwa mdomo. Yule bwana alikuwa hajawahi kulala chini ya gari kubwa. "Hii ndiyo klachi? Kwenye pikipiki inakaa kiganjani, hapa ni sinia la pilau." Nilimwambia aingize shafti taratibu, asiilazimishe, aisikilize. "Imesema nini?" akauliza. "Bado haijakaa." "Kumbe ina lugha. Ni Kihangaza hicho?" Ilinilazimu kueleza kwa maneno vitu ambavyo vidole vyangu vilivijua peke yao, na mara nyingine maneno yaliniisha nikabaki nimenyoosha mkono hewani, nikaukunja, nikaurudisha gotini. Mwishowe aliingia jikoni kuuchukua mkonga. Alitoka ameubeba kwa mikono miwili kama mtu abebaye mtoto, na hakutania tena mpaka ulipofungwa.

Tuliondoka asubuhi, mimi na baba mdogo. Kuendesha hakukukatazwa, kwa sababu, alisema, hata mfiwa hutembea. Nilimfungulia mlango wa mbele. Akautazama ule mshono wa kitenge.

"Nitakaa nyuma."

"Baba, nyuma kunarusha."

"Mbele sikai."

Tulishuka vilima, tukashika lami pamoja na malori, tukapita Lusahunga, na mbele ya hapo tukaiacha lami tukaingia kwenye udongo. Kando yangu kiti kilikuwa kitupu, na nyuma yake pete ya chuma ilikuwa tupu pia, kwa sababu wapeleka msiba hawabebi pombe. Baba mdogo alikuwa akinong'ona nyuma. Mwanzoni nilidhani anasali. Alikuwa anajizoeza maneno.

Nimeendesha magari mabovu zaidi ya nusu ya maisha yangu, na nimewahi kuomba mengi yafike. Siku ile, kwa mara ya kwanza, niliomba gari liharibike. Niliisikiliza injini nikitafuta mgongano wowote. Niliangalia geji ya joto nikitamani ipande. Bomba lipasuke, dizeli iwe na maji, jani la springi likatike, ili tukae pale kando ya njia, na kule mbele mama aendelee kuwa na binti siku moja zaidi. Halikuharibika. Lilinguruma sauti moja kuanzia Nyamiaga.

Bondeni nilishuka nikafunga habu za magurudumu ya mbele ili nayo yavute. Baba mdogo alinitazama mikono, akaamua hakuona. Maji yalifika kwenye ubao wa kukanyagia, kisha yakapita, yakapiga boneti. Magurudumu yote manne yakauma udongo, gari likayumba kama mtu aliyebeba gunia, likapanda ng'ambo ya pili. Sikuongeza mafuta wala kupunguza. Lilipita kama vile tulivyokuwa tumelisema, jioni zote zile pale kizingitini.

"Limepita," baba mdogo akasema.

"Ndiyo baba."

Niliposogea kwenye nyumba ndipo nikaona shamba. Ilikuwa katikati ya msimu. Mashamba ya majirani yote yalikuwa yamepaliliwa, mahindi yamesimama kwa mistari. La mama lilikuwa pori. Magugu yalifika kiunoni, na matuta ya msimu uliopita yalikuwa yamezama ndani yake. Mwanamke yule, uzee wake wote, hakuwahi kuacha mvua ipite jembe likiwa kavu. Mguu wangu ulihama kwenye kanyagio peke yake. Baba mdogo naye alikuwa ameacha kunong'ona.

Shemeji yangu alikuja mbio kutupokea. Nilimwonyesha shamba kwa kidevu.

"Mwaka huu kakataa kulima," akasema kwa sauti ya chini. "Anasema mgongo. Tumemwacha tu, amezeeka."

Mama alikuwa ameshatoka nje. Alikuwa amelisikia kabla hajaliona. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa mbele wa abiria, akaufungua mwenyewe, akasimama akitazama kiti. Alipitisha kiganja juu ya kitenge, akafuata uzi kwa kidole mpaka pale unapopinda.

"Huu mkono wake," akasema. "Hajawahi kushona mstari ukanyooka."

Kisha akatugeukia. "Karibuni ndani. Mmetoka mbali."

Ndani aliketi kwenye mkeka, sisi kwenye viti, na mwanawe mlangoni. Baba mdogo akakohoa, akaanza kwa mbali kama inavyotakiwa, na mvua, na njia, na Mungu. Mama alimwachia aende kidogo.

"Kila Jumapili alinipigia akitoka misa," akasema. "Ikapita moja. Ikapita nyingine. Nikaliweka jembe."

Shemeji yangu alishika kizingiti. "Mama, ulijua? Mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnahangaika sana kunificha. Nikaona niwaache."

Nilidhani basi yameisha, kwamba tumesamehewa kulisema lile neno. Baba mdogo hakufikiri hivyo. Alisimama, akavua kofia, akalisema: kwamba binti yako, tuliyemwomba kwako, hayupo tena, tumemzika kwetu, na sisi tuliokuja ndio tuliomzika. Na mama, aliyekuwa amejua na kuomboleza peke yake majuma yote yale, na amekaa kimya katikati ya watu wanaomdanganya kwa upendo, alilia kama mtu aliyesikia wakati ule ule. Kumbe kujua si kuambiwa. Alikuwa ametusubiri ili aanze.

Kesho yake alitoka na kikapu na jembe. Tulikuwa tunampeleka Nyamiaga kuondoa matanga. Mama mkwe na mkwe hawakai bega kwa bega, na sikutarajia akae mbele. Alipanda nyuma pamoja na baba mdogo. Lakini jembe alilileta mbele, akalilaza juu ya kiti cha kitenge, mpini umeelekea mlangoni, akalisukuma mpaka likatulia. Tulipoingia bondeni aliuliza, "Hapa ndipo mliporudishwa, siku ya baba yake?" Nikamjibu ndipo.

Tuliondoa matanga asubuhi yenye jua. Mama aliingia kwenye maharage ya binti yake, pale pale alipoangukia, akapiga jembe la kwanza. Wanawake wa jirani wakamfuata wakapiga ya kwao. Baba mdogo alikuja mpaka nilipokuwa nimesimama, akanipa spana iliyokuwa imekaa kibarazani muda wote ule, imeshika kutu kidogo.

"Haya," akasema. "Kalime."

Nikaenda kwenye gari. Nilifungua boneti, nikagusa nati moja, nikagusa nyingine. Nililala chini, nikaijaribu shafti, springi, mabano ya mkonga, na ile pete ya kibuyu. Yule Msukuma alikuwa amekaza kila kitu kama nilivyomwambia. Nilizunguka gari lote nikitafuta kilicholegea, niwe na kazi ya kufanya mpaka jioni, nisikikute.